Koneksio inavuta miguu: mbele ya kuongeza mega, jua kwanza inakwama wapi



Dosie ya burse inafungwa saa sita ya usiku. Formulere imejazwa, diplome imeskaniwa, barua imesomwa mara tatu. Lakini ile duara ndogo inazunguka tu ku ekra: dakika kumi, dakika makumi mbili. Kesho yake watu watasema "huyu kijana hakujipanga". Kumbe alijipanga vizuri sana, koneksio njo ilimuangusha.

Hapa kwetu, koneksio ikianza kukokota, wengi tunafanya mambo matatu: tunazima ruta na kuiwasha tena, tunatukana kampuni, kisha tunanunua forfe kubwa zaidi. La kwanza linasaidia mara moja moja. La pili linapoza roho. La tatu linakula franka, na mara nyingi halibadilishi kitu. Forfe ni kiasi cha maji ulicholipia. Mbio ya koneksio ni upana wa bomba. Ukilipia bido mia moja kwenye bomba nyembamba, utazipata, lakini utangoja foleni ileile. Tofauti iko tu pale kampuni inauza forfe kufuatana na mbio, ao pale mega zimekwisha na kampuni imekurudisha ku mbio ya chini. Uliza hilo kwanza, ni swali la dakika moja.

Kisha fahamu jambo hili: kati ya wewe na tovuti ya iniversite ya Ubelgiji ao ya Kinshasa, kuna barabara yenye vipande vitano.

1. Chombo chako: simu ao ordinatere.
2. Wifi ya ndani ya nyumba (hatuzungumzii dada wa bwana).
3. Njia ya kutoka ruta ao modemu mpaka ku mlingoti ao setilaiti ya kampuni.
4. Rezo ya kampuni yenyewe.
5. Barabara ndefu ya kebo mpaka inje ya inchi, na tovuti unayoitafuta.

Kila kipande kinaweza kukwama peke yake. Dawa ya kipande cha 2 haiponyeshi kipande cha 4. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua kipande gani kinakwama, na inawezekana bila kuwa fundi.

MANENO MATATU YA KUELEWA

Kwanza, megabiti si mega. Kampuni zinatangaza mbio kwa megabiti kwa sekunde, lakini fishie zetu tunazihesabu kwa megabaiti, zile tunaziita "mega". Mega moja ni megabiti 8. Kama umeambiwa "megabiti 8 kwa sekunde", utashusha mega 1 kwa sekunde, basi. Video ya mega 60 itachukua dakika moja hata kama kila kitu kinaenda vizuri. Watu wengi wanafikiri wameibiwa, kumbe ni hesabu.

Pili, kupana na kufika mbio ni vitu viwili. Lori la Fuso linabeba magunia mingi lakini linakawia njiani; moto inabeba gunia moja lakini inafika upesi. Kushusha filme kunahitaji Fuso. Kuongea kwa video kunahitaji moto: maneno yako yafike sasa hivi. Muda ambao ujumbe mdogo unatumia kwenda na kurudi unaitwa ping, na unapimwa kwa milisekunde. Ndiyo maana mutu mwenye setilaiti ya zamani anaweza kushusha fishie vizuri lakini akiongea ku simu anakanyagana na mwenzake. Ile setilaiti iko karibu kilometa 36 000 juu ya dunia; kupanda na kushuka, kwenda na kurudi, ni karibu nusu ya sekunde hata kwa mbio ya mwangaza. Setilaiti za Starlink ziko chini sana kuliko hiyo, njo maana hazikawishi maneno namna hiyo.

Tatu, kuna kupotea. Vipande vya ujumbe vinatoka lakini havifiki, vinapashwa kutumwa tena. Ukisikia sauti inakatikakatika kama mutu anaongea ndani ya bido, mara nyingi ni hiyo.

JARIBIO LA DAKIKA TANO

Kwenye ordinatere ya Windows, andika "cmd" mu sehemu ya kutafuta, ufungue lile dirisha jeusi. Andika ipconfig. Utaona mustari "Passerelle par défaut" na namba kama 192.168.1.1 ao 192.168.8.1. Hiyo njo anwani ya ruta yako. Sasa andika:

ping -n 30 192.168.1.1

(weka namba ya kwako). Ordinatere itabisha hodi kwa ruta mara makumi tatu na kukuonyesha kila jibu lilichukua milisekunde ngapi. Kisha andika:

ping -n 30 8.8.8.8

Hiyo ni anwani ya Google, inje kabisa ya nyumba yako. Jaribio hili halikuli mega za kuhesabu. Ku simu pia kuna programu za bure za kufanya ping.

Sasa soma majibu:

- Ruta inajibu kwa milisekunde 1 mpaka 10 bila kukosa: wifi yako ni nzima. Usiguse kitu mu nyumba.
- Ruta yenyewe inajibu kwa 200, kisha 3, kisha 450, ao unaona "Délai d'attente de la demande dépassé": tatizo liko ndani ya nyumba, na kuongeza forfe ni kutupa feza.
- Ruta inajibu vizuri lakini 8.8.8.8 inarukaruka ao inapoteza: tatizo liko inje, toka modemu kwenda mbele.
- Zote mbili zinajibu vizuri lakini tovuti moja haifunguki: tovuti hiyo yenyewe imelemewa, ao chombo chako njo kimechoka.

Fanya jaribio mara mbili: wakati wengine wako ku laini, na wakati wote wametoka. Kama ping ya inje inakuwa nzuri mara tu mudogo wako anafunga video yake, hauna ugonjwa wa rezo. Uko na mudogo anayependa video.

KAMA TATIZO LIKO NDANI YA NYUMBA

Anza na mahali ruta imekaa. Wengi wanaiweka chini, nyuma ya televizio, ao mu kabati ili watoto wasiiguse. Mawimbi ya wifi yanapita mu ukuta wa mbao bila shida kubwa, yanachoka mu ukuta wa matofali na beton, na yanakataliwa na chuma: mabati, kabati ya chuma, hata kioo kikubwa. Iweke juu, katikati ya nyumba, mahali pa wazi. Kisha rudilia ping.

Ruta nyingi za leo zina wifi mbili: ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya 2.4 inafika mbali na inapita ukuta vizuri zaidi, lakini njo ile majirani wote wanatumia. Ya 5 ni ya mbio, lakini inachoka haraka. Ukiwa chumba kimoja na ruta, shika ya 5. Ukiwa chumba cha mwisho, shika ya 2.4. Mu parsele zetu zenye kubanana, unaweza kuona wifi kumi na tano ku simu yako, zote zinapigiana kelele. Ingia ku ukurasa wa ruta (ile anwani ya ping, uiandike mu navigatere) na uchague kanali 1, 6 ao 11 kwa ile ya 2.4. Hizo tatu haziingiliani. Jaribu moja moja, ubaki na ile inayokupa ping nzuri.

Ku ukurasa huohuo, angalia orodha ya vyombo vilivyounganishwa. Hapo wengi wanashangaa. Neno la siri likishafika kwa mutoto wa jirani mmoja, limefika kwa avenue nzima. Kubadilisha neno la siri ni dakika mbili, lakini kukata jirani bila kumuambia ni ugomvi wa mwezi mzima. Njia nzuri ni kuongea: wanaotumia wachange, ao uwafungulie wifi ya wageni, na kama ruta yako inaruhusu, uipimie mbio yake.

Kisha angalia wale wanaokula kimyakimya. Windows inajishushia mabadiliko. Simu inapandisha picha zote ku akaunti ya Google. WhatsApp inashusha video za grupu tatu za familia na mbili za promosio. Ku Windows, fungua "Gestionnaire des tâches", bonyeza safu ya rezo, utaona programu gani inakula. Wifi unayotumia iweke "Connexion limitée": Windows itapunguza kujishushia vitu. Mu WhatsApp, kata kushusha video zenyewe. Hii inaponya pia ugonjwa wa "mega zangu zinaisha bila mimi kujua".

VPN pia. Tangu lile katizo la intaneti baada ya uchaguzi, kuanzia tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2018 mpaka mwezi wa 1 mwaka 2019, VPN imekuwa mazoea kwa wengi wetu. Kitu ni kwamba VPN inatuma kila ujumbe wako kwanza ku inchi nyingine, mbele ya kwenda mahali unataka. Kama hauna sababu ya kuitumia leo, izime na upime tena.

Na kama WhatsApp inaenda, ping ni nzuri, lakini kila ukurasa unakawia kuanza kufunguka, kisha ukishaanza unafunguka mbio, shuku DNS: hiyo ni kama kitabu cha anwani ambacho kinabadilisha jina la tovuti kuwa namba. Mu parametre za koneksio weka 1.1.1.1 ao 8.8.8.8 pahali pa ile ya kampuni.

Mwisho, linganisha vyombo. Kama simu inaenda mbio mahali palepale ordinatere inakokota, basi ruta haina kosa. Ordinatere yenye virusi, ao yenye kufungua kurasa makumi ine kwa mara moja, itakokota hata ukiipeleka Ulaya.

KAMA TATIZO LIKO KATI YA NYUMBA NA MLINGOTI

Wengi wetu hatuna kebo. Tuko na modemu ya karte SIM ao simu tunayoigeuza wifi. Hapa usiamini zile fito ndogo za juu ya ekra. Ku Android, tafuta "À propos du téléphone", kisha hali ya karte SIM, utaona nguvu ya mawimbi kwa dBm, namba yenye alama ya kutoa. Ku modemu, iko ku ukurasa wake. Namba ikiwa karibu na ziro ni nzuri zaidi: −85 ni nzuri, −110 ni mbaya. Tembea na modemu dirisha kwa dirisha, uandike namba. Metre mbili tatu zinaweza kubadilisha kila kitu, zaidi mu muji wa milima kama Bukavu, ambapo nyumba moja inaona mlingoti na nyumba ya chini yake imefichwa na kilima.

Hakikisha pia chombo kiko ku 4G. Simu ikiwa imeshika 3G ao 2G, hakuna forfe itaiponyesha. Karte SIM za zamani sana zingine haziingii 4G. Mu butike ya kampuni wanakubadilishia na namba yako inabaki ileile. Na kwa wale wa karibu na mupaka, upande wa Gisenyi, wa Ruzizi ao wa Burundi: simu inaweza kurukia rezo ya ngambo ile. Chagua rezo yako kwa mukono, na ufunge data ya roaming, la sivyo unite zitayeyuka.

Kama uko na antena ya ku paa inayoangalia mlingoti, panda uangalie (siku kavu, na mutu wa kushikilia ngazi). Upepo unaweza kuwa umeizungusha kidogo, ao ule muavoka uliokuwa mudogo wakati wa kufunga antena umekomaa na umesimama mbele yake. Kwa setilaiti, inapashwa kuona mbingu wazi, na mvua kubwa inapunguza mawimbi. Ikikokota wakati wa mvua tu, ngoja mvua ipite.

KAMA NI SAA NJO INAKUWA MBAYA

Mlingoti mumoja unagawanya mbio yake kwa watu wote walioko chini yake. Saa mbili ya mangaribi kila mutu amerudi nyumbani. Pima mbio mara tatu kwa siku, siku tatu: saa kumi na moja ya asubuhi, saa saba ya muchana, saa mbili ya mangaribi. Tumia fast.com ao Speedtest, lakini jua kwamba kupima mbio kunakula mega: kwa megabiti 10 kwa sekunde, sekunde kumi zinakula karibu mega 12.

Kama asubuhi ni nzuri na mangaribi imekufa, mlingoti umelemewa. Hakuna kitu cha kutengeneza mu nyumba yako. Kuna tu kubadilisha saa, ao kampuni. Jaribu karte SIM ya jirani wa kampuni nyingine mahali palepale mbele ya kununua ya kwako. Na wewe unayelipia laini ya kugawana mu kartie, uliza mwenye antena swali moja: tuko wangapi juu ya laini hii? Yeye anajua.

KAMA MUJI MUZIMA UNALIA

Kuna siku ambayo ruta ni nzima, mlingoti ni muzima, na kampuni zote zinakokota pamoja. Hapo angalia mbali. Magaribi ya inchi yetu inaingia ku dunia kwa kebo za bahari, moja yao ni WACS, inayotokea Muanda. Pale mto Kongo unaingia mu bahari kuna bonde refu chini ya maji, na udongo ukiporomoka mule unakata kebo: ilitokea mwezi wa 1 mwaka 2020, na tena mwezi wa 8 mwaka 2023. Huku mashariki, sehemu kubwa ya intaneti inapitia inchi za jirani mpaka ku kebo za bahari ya Hindi, Mombasa na Dar es Salaam. Tarehe 12 mwezi wa 5 mwaka 2024, kebo za EASSy na Seacom zilikatika, na Afrika ya mashariki yote ikasikia. Siku kama hiyo, kununua mega ni kununua tiketi ya basi wakati daraja limeanguka. Tunza feza yako, na tuma tu yale ya lazima.

KULALAMIKA NA USHAHIDI

Ukiita kampuni na kusema "koneksio yenu ni mbaya", watakuambia uzime uwashe. Ukisema: "Siku tatu mfululizo, saa mbili ya mangaribi, kartie fulani, ruta inajibu kwa milisekunde 3, lakini 8.8.8.8 inapoteza hodi 9 juu ya 30, asubuhi haipotezi hata moja", wanajua unaongea nini, na fundi anajua pa kuanzia. Andika, usiseme tu. Tunza nakala. Wasipojibu, maandishi hayo njo utapeleka kwa ARPTC, iliyo na kazi ya kusimamia kampuni hizo. Na majirani kumi wakiandika namba zao pamoja, inakuwa na uzito kuliko mutu mumoja anayelia ku simu.

SIKU YA DOSIE AO YA INTERVIU

Hapa njo tunapotezaga nafasi, basi tujipange.

Kupandisha ni polepole kuliko kushusha, kwa koneksio nyingi. Tuseme unapandisha kwa nusu megabiti kwa sekunde. Dosie ya mega 20 ni megabiti 160: dakika tano na zaidi, na ikikatika mara moja unaanza upya. Dosie ileile ikipunguzwa kuwa mega 3 inapita chini ya dakika moja. Skani karatasi kwa dpi 150 ao 200, si 600. Badala ya kupiga picha kubwa ya diplome, itie mu PDF iliyopunguzwa. Jaza formulere muchana, lakini tuma asubuhi na mapema, siku mbili mbele ya mwisho. Usiku wa mwisho tovuti yenyewe inalemewa, na hapo hata mwenye kebo ya Paris anangoja.

Kwa interviu ao kutetea TFC kwa mbali: unganisha simu na ordinatere kwa kebo ya USB badala ya wifi, inaondoa kipande cha 2 chote. Toa wengine ku laini. Chaji vyote mbele umeme haujakatika, na uweke karte SIM ya pili yenye mega kidogo. Waambie jury mapema: "Nikipotea, nitarudi kwa sauti tu." Sauti peke yake inatosheka na chini ya kilobiti 100 kwa sekunde, na maneno yako njo watayapima.

Sasa chukua karatasi, uandike namba za nyumba yako: ping ya ruta, ping ya inje, dBm, mbio ya asubuhi na ya mangaribi. Uzitunze, ili siku ikikokota uwe na kitu cha kulinganisha. Na kama mu avenue yenu kuna mwenzetu mwenye dosie ya kutuma wiki hii, mupimie ping mbele ya kumukopesha feza ya mega.